Mwili uchi ndani ya mandhari: namna ya kuuchora usionekane umebandikwa

Picha nyingi za aina hii huharibikia mahali pamoja. Mtu amechorwa vizuri, miti imechorwa vizuri, lakini viwili hivyo havijuani. Mwili unaonekana kama umekatwa gazetini ukagundishwa juu ya kalenda. Anayeanza hudhani kosa liko kwenye goti au vidole, akashinda kutwa akivirekebisha. Kosa liko kwenye mwanga. Mwili ulichorwa chini ya taa ya chumbani, mandhari yakachorwa chini ya jua, na mtazamaji hulihisi hilo hata kama hajui kulieleza.

Ukitaka mfano mkubwa, tazama *Le Déjeuner sur l'herbe* ya Édouard Manet, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1863 na sasa iko katika makumbusho ya Musée d'Orsay. Mwanamke aliye uchi mbele ana mwanga bapa wa dirisha la studio, vivuli vyake ni vichache, na msitu nyuma yake ni kama pazia la jukwaani. Mwanamke aliye majini kule nyuma ni mkubwa mno kwa umbali aliopewa. Manet alijua kuchora kwa kanuni, na ukavu ule ndio uliofanya picha ishtue. Lakini anayejifunza asianzie hapo. Jifunze kwanza kuviunganisha, kisha ukitaka kuvitenganisha itakuwa ni uamuzi wako.

Maelezo haya ni kwa anayeweza tayari kuchora mwili wenye vipimo sahihi. Tunatumia rangi za mafuta kwenye turubai ya sm 60 kwa 80. Penye tofauti kwa anayetumia akriliki tumesema.

Anza na mahali, si na modeli

Wengi huchora mwili kwanza kwa sababu ndio unaowavutia, kisha hutafuta mandhari ya kuuzungushia. Fanya kinyume chake. Mahali ndipo panapoamua jua linatoka upande gani, ardhi ina rangi gani, mtazamaji amesimama wapi. Modeli atakuja kufuata masharti hayo.

Nenda na ubao mdogo wa sm 25 kwa 35. Karibu na ikweta jua hupanda takriban nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo saa mbili baada ya kuchomoza liko nyuzi 30 hivi, na saa moja baadaye liko nyuzi 45. Katika nyuzi 30 kivuli cha mtu aliyesimama kina urefu wa mara 1.7 ya kimo chake. Katika nyuzi 45 kinalingana na kimo chake. Huo ndio muda wa kufanya kazi, au ule wa jioni unaofanana nao. Saa sita mchana jua linapiga utosini, macho yanakuwa mashimo meusi, kivuli kinajikusanya chini ya nyayo, na umbo la mwili halisomeki. Usizidishe saa moja na nusu kwa kikao kimoja, kwani baada ya hapo vivuli vimehama na utakuwa unachora picha mbili kwenye ubao mmoja.

Kabla ya kuondoka, andika nyuma ya ubao mambo manne: saa, upande jua lilikotoka ukilinganisha na unakotazama, urefu wa macho yako kutoka ardhini, na umbali wa pale utakapouweka mwili. Chomeka fimbo ya sm 160 hapo hapo, au msimamishe rafiki aliyevaa nguo zake, na uichore pamoja na kivuli chake. Fimbo hiyo itakuokoa baadaye.

Jambo la pili la kufanya ukiwa hapo: weka chungu cha udongo kisichopakwa rangi mahali pa mwili. Rangi yake iko karibu na ngozi ya kahawia na umbo lake ni la mviringo, kwa hiyo kinaonyesha kila kitu mwanga utakachoufanyia mwili. Upande wa jua utauona wa rangi ya chungwa. Mgongo wake ulioelekea juu, mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja, utakuwa na ubuluu wa anga. Tumboni chini, karibu na ardhi, utauona ukijani kama kimewekwa kwenye majani, au wekundu kama ni udongo wa bara. Chora chungu hicho kwa dakika ishirini. Kama huna chungu, nyoosha mkono wako sm 10 juu ya nyasi zinazopigwa na jua na utazame upande wa chini wa kigasha.

Ujani huo ndio uliomtia Pierre-Auguste Renoir matatani. Mwaka 1876 alionyesha kiwiliwili cha mwanamke kwenye mwanga wa jua uliochujwa na majani, na Albert Wolff wa gazeti la *Le Figaro* akaandika kwamba anaona nyama inayooza yenye madoa ya kijani na zambarau. Renoir alikuwa sahihi kuhusu alichokiona. Picha hiyo nayo iko Musée d'Orsay, na hakuna somo zuri zaidi la jinsi ngozi inavyokubali rangi ya mazingira.

Hesabu ya upeo wa macho

Hapa ndipo majitu na wanasesere huzaliwa. Kwenye ardhi tambarare, mstari wa upeo uko sawasawa na macho ya mchoraji. Ukisimama na macho yako yakawa sm 155 kutoka chini, basi kila mtu aliyesimama kwenye ardhi hiyo hiyo atakatwa na mstari wa upeo kwenye urefu wa sm 155 wa mwili wake, awe mbali au karibu. Pima kwenye turubai umbali wa kutoka pale alipokanyaga hadi kwenye upeo. Umbali huo ni sm 155 za mwili wake.

Aliyeketi chini ana kimo cha sm 85 hivi kutoka ardhini hadi utosini, yaani zaidi kidogo ya nusu ya umbali huo. Aliyelala ubavu, nyonga ikiwa ndiyo sehemu ya juu, ana sm 35 hivi, yaani chini kidogo ya robo. Ukichora umeketi kwenye kigoda, macho yako yakiwa sm 115, hesabu inabadilika: aliyeketi chini sasa anafika karibu robo tatu ya umbali, na aliyesimama anapita juu ya upeo kuanzia kifuani. Ndiyo maana urefu wa macho lazima uandikwe. Mchoro wa mandhari uliofanywa umesimama hauendi na modeli uliyemchora umeketi.

Ardhi ikiwa na mteremko hesabu hii haifanyi kazi moja kwa moja. Hapo tegemea fimbo.

Modeli

Modeli awe mtu mzima aliyetimiza miaka 18, na mkubaliane kwa maandishi kabla ya siku ya kazi: malipo, muda, pozi, kama picha za simu zitapigwa na zitafutwa lini, kama sura yake itatambulika, na picha itaonyeshwa wapi. Hili la sura wengi hulipuuza, na ndilo linaloleta ugomvi picha inapofika kwenye maonyesho au mtandaoni. Modeli awe huru kuleta mtu wake wa kukaa naye. Mchoraji hamgusi, akitaka mguu usogee anaeleza kwa mdomo au anaonyesha kwa mguu wake mwenyewe.

Usimpeleke modeli akavua nguo ufukweni au kwenye shamba la watu. Katika nchi zetu uchi hadharani unaweza kuwafikisha nyote wawili polisi, na hata pasipokuwa na polisi hakuna modeli anayetulia huku akisikiliza nyayo njiani. Ua wenye kuta ndefu unafaa sana kwa sababu unapata jua halisi. Hakikisha kwanza hakuna roshani ya jirani inayouangalia. Pasipo na ua, fanya kazi ndani kwa masharti yafuatayo.

Pozi moja lisizidi dakika 20 ndani au 15 juani, kisha apumzike dakika 5 na ajifunike. Weka alama za chaki kwenye visigino, makalio na kiganja ili arudi palepale. Pozi la kusimama kwa mguu mmoja wenye uzito linaonekana rahisi, lakini baada ya dakika kumi nyonga huanza kushuka, kwa hiyo chora nyonga na bega kwanza kabla ya kichwa. Kama mandhari yako yana mteremko au mawe, usimsimamishe modeli kwenye sakafu tambarare. Inua ubao upande mmoja kwa sm 15 au mpe tofali la kukanyagia. Vifundo vya miguu na nyonga hubadilika mara moja, na mwili uliosimama sakafuni ukihamishiwa kwenye jabali huonekana unaelea.

Kuleta jua ndani ya chumba

Jua ni chanzo kimoja, na liko mbali kiasi kwamba kichwa na miguu hupata mwanga sawa. Taa haiko hivyo. Ukiongeza umbali kutoka kwenye taa mara mbili, mwanga unapungua hadi robo. Taa iliyo mita 1 kutoka kichwani na mita 2 kutoka miguuni inaipa miguu robo ya mwanga wa kichwa, na ukinakili hivyo mwili wako utakuwa na giza miguuni ambalo hakuna jua lingeweza kulileta. Isogeze taa hadi mita 3 au 4 na utumie balbu yenye nguvu, ya mwanga mweupe wa 5000 hadi 5500 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga). Iweke kwenye pembe ileile uliyoiandika nyuma ya ubao. Zima nyingine zote. Kama kuna mlango au dirisha linaloingiza jua lenyewe kwa pembe hiyo, achana na taa.

Vivuli navyo vina kazi yao. Nje, kivuli hujazwa na anga kutoka juu na ardhi kutoka chini. Chumbani hujazwa na rangi ya ukuta na pazia, kwa hiyo ukuta wa pinki utakupa kivuli cha pinki msituni. Tundika shuka jeupe juu na upande wa pili wa modeli, na chini yake tandika kitambaa chenye rangi ya ardhi ya mandhari yako: kanga au kitenge cha kijani kama ni nyasi, cha rangi ya tofali kama ni udongo mwekundu, shuka la rangi ya mchanga kama ni pwani. Utauona ule mwanga wa kurudi kwenye mapaja na chini ya mkono bila kuukisia.

Umbali wa mchoraji nao una kanuni. Ukisimama mita 2 kutoka kwa modeli aliyesimama, unaitazama miguu yake kwa mteremko wa nyuzi 38 hivi na unaona sehemu kubwa ya juu ya nyayo. Ukimweka mwili huo kwenye picha kana kwamba yuko mita 6 mbali, ambapo mteremko ni nyuzi 15 tu, miguu itaonekana inateleza kuelekea kwa mtazamaji. Simama mbali angalau mara tatu ya kimo cha modeli. Chumba kikiwa kifupi, fungua mlango uchorie ukumbini, au chagua pozi la kulala.

Picha za simu zitumike kama kumbukumbu tu. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana na huvimbisha kilicho karibu nayo. Rudi nyuma mita 4 au 5 na utumie kuza ya 2x. Piga mbili, moja ukiwa umegusa ngozi kwenye kioo cha simu na nyingine umegusa sehemu yenye mwanga mkali zaidi, kwa sababu kamera mara nyingi hushindwa kushika ngozi nyeusi na anga kwa mpigo mmoja bila kuua kimojawapo.

Mwili uwekwe mbele ya nini

Chora michoro midogo sita, ya sm 6 kwa 8, kwa toni tatu tu: nyeupe, ya kati na nyeusi. Toni hapa ni kiasi cha weupe au weusi, bila kujali rangi. Picha ikishindikana kwa toni tatu haitaokolewa na rangi thelathini.

Wachoraji wa Venice, Italia, wa karne ya 16 waliacha kanuni ambayo bado inafundishwa: mwili mweupe mbele ya kichaka cheusi. Katika Venus aliyelala, picha iliyoko Dresden, Giorgione alimlaza mwanamke mbele ya mwamba mweusi upande wa kichwani, na vilima vya nyuma, ambavyo Titian alivimalizia baada ya Giorgione kufariki mwaka 1510, vinapanda na kushuka pamoja na nyonga na goti. Huo mwangwi wa mistari uibe bila aibu. Lakini ule mpango wa toni usiuchukue kibubusa. Kwenye kipimo cha 1 hadi 10, ambapo 1 ni nyeusi na 10 ni nyeupe, ngozi nyeupe juani iko kwenye 8 na kichaka kwenye 3, zinaachana mbali. Ngozi nyeusi juani iko kwenye 4 au 5 na kivuli chake kwenye 1 au 2. Ukiiweka mbele ya kichaka hicho hicho, mwili unamezwa, nawe utaanza kuipausha ngozi ili ionekane, ambalo ndilo kosa baya kuliko yote.

Ugeuze mpango. Ngozi nyeusi iwekwe mbele ya mchanga, nyasi kavu za kiangazi, maji yanayoakisi anga, au anga lenyewe la asubuhi. Ufuko wakati maji yamekupwa ni mahali pazuri kupita kiasi: ardhi yenye toni 7, madimbwi yenye toni 8, na mwili unakuwa kitu chenye giza na uzito kuliko vyote kwenye picha. Pozi la pembeni linasomeka vizuri hapo kwa sababu mzingo wenyewe ndio unaobeba mchoro.

Paul Cézanne aliuendea mpangilio kwa njia tofauti. Katika waogaji wake wakubwa walioko Philadelphia, picha ya sm 210 kwa 250 aliyoifanyia kazi hadi kifo chake mwaka 1906, miti imeinamishwa pande zote mbili hadi ikafanya hema, na miili imeinamishwa kwa pembe zilezile. Kwa picha hiyo hakutegemea modeli aliye mbele yake, na maumbo yanaonyesha hivyo. Ila mwinamo wa shina na wa mgongo unashikana, na kitu hicho kinasaidia hata picha ndogo.

Rangi

Majina kwenye tyubu hubadilika kwa kila kampuni, kwa hiyo soma namba ya rangi iliyoandikwa kwa herufi ndogo. Zinatosha hizi: nyeupe PW6, oka ya njano PY43 (au PY42), nyekundu PR108, nyekundu ya udongo PR101, waridi nzito PV19, buluu PB29, na PBr7 mbili. PBr7 ni namba ya udongo wa aina kadhaa, kwa hiyo angalia na rangi yenyewe: moja ya kutu, ndiyo siena iliyochomwa, na nyingine ya kahawia nzito, ndiyo umba iliyochomwa. Kijani cha tyubu usinunue kwa sasa. PG7 hasa hupiga kelele na kuifanya ngozi yoyote jirani ionekane ya plastiki. Changanya kijani chako kwa PY43 na PB29, kisha kila lundo la kijani ulitie siena kidogo ileile unayoitumia kwenye mwili. Kwa njia hiyo ngozi na majani vinakuwa na damu moja.

Kwa ngozi ya kahawia nzito upande wa jua, anza na siena sehemu 3, oka sehemu 1, PR101 kidogo, na nyeupe ya kutosha tu kufikia toni ya 4 au 5. Kivuli: umba sehemu 2, PB29 sehemu 1, na PV19 kwa ncha ya kisu ili kisiwe cha matope. Sehemu zilizoelekea juu bila kupigwa na jua moja kwa moja, kama bega la upande wa kivuli au mgongo ulioinama, zinahitaji rangi ya anga: PB29 na PW6 nusu kwa nusu, ukiburuta kidogo ndani ya rangi ya ngozi ikiwa bado mbichi. Sehemu zilizoelekea ardhini zipate mchanganyiko wa siena na rangi ya ardhi.

Sasa lile kosa la kuipausha ngozi. Ukitaka kuonyesha mng'ao kwenye ngozi nyeusi kwa kuongeza nyeupe ndani ya kahawia, ngozi inapauka, kama ya mtu aliyetoka kuoga bila kupaka mafuta. Mng'ao si ngozi iliyofifia. Ni anga au jua likijiona kwenye ngozi. Upake kwa rangi ya anga yenye toni 8, kwa mguso mmoja, wenye kingo kali upande mmoja, juu ya kahawia iliyoachwa na ukolevu wake. Miguso mitano au sita kwa mwili mzima inatosha: paji, bega, kifua, nyonga, goti. Kwa sababu hiyohiyo usichanganye kivuli kwa nyeusi na nyeupe.

Kwa ngozi nyeupe kosa ni jingine. Upande wa jua ni PW6 sehemu 5, oka 1 na PR108 chembe, na watu huupata bila shida. Kwenye kivuli hutia kahawia, na mwili unaonekana mchafu. Tumia PR101, PB29 na nyeupe, kisha ujani au wekundu wa ardhi ndani yake. Ujani ukizidi na mtu akaonekana mgonjwa, usiufute; weka PR101 iliyokolea kidogo kando yake, na jicho litausoma kama mwanga.

Zingatia kipimo hiki kwa ngozi yoyote: sehemu yenye mwanga zaidi ndani ya kivuli lazima iwe nyeusi kuliko sehemu yenye giza zaidi ndani ya mwanga. Mwanga wa kurudi hupendeza, na mchoraji huuongeza hadi unashindana na jua. Hapo mviringo wa paja unavunjika na kuonekana una jua mbili.

Zoezi linalofaa kabla ya picha kubwa ni paleti inayohusishwa na Msweden Anders Zorn, aliyechora miili uchi kwenye miamba ya pwani ya Sweden kuanzia miaka ya 1880: oka, nyekundu, nyeusi ya PBk9 na nyeupe. Nyeusi ikichanganywa na nyeupe huonekana buluu ikiwa jirani ya oka, na ikichanganywa na oka hutoa kijani cha upole. Ukimaliza picha ndogo kwa rangi hizo nne, utaona jinsi mandhari na mwili vinavyoshikana vyenyewe kwa kuwa hakuna rangi ya kuvitenganisha.

Kwenye turubai

Paka turubai siena iliyozimuliwa kwa tapentaini hadi toni ya 6 hivi, ifute kwa kitambaa, iache ikauke usiku mmoja. Hamisha mchoro kwa mkaa, ukianza na upeo, kisha alama ya nyayo au makalio, kisha kimo kilichohesabiwa. Mwili uingie ndani ya kipimo hicho. Ukikuta pozi ni zuri lakini ni refu mno, punguza mwili wote, usikate miguu.

Weka tabaka la kwanza jembamba, lenye tapentaini nyingi na mafuta machache, kwa brashi bapa namba 12 na 8. Anza na anga, ruka kwenye ardhi, ruka kwenye mwili, rudi kwenye miti. Usikamilishe mwili peke yake. Kila baada ya dakika kumi rangi iliyo kwenye brashi ipelekwe mahali pengine: siena ya bega iguse shina, ubuluu wa mgongo uguse jiwe. Tabaka zinazofuata ziongezewe mafuta ya kitani kidogo kidogo. Ukifanya kinyume, tabaka la chini lenye mafuta mengi litaendelea kusogea chini ya lile lililokauka, na picha itapasuka. Umba hukauka kwa siku moja hadi tatu, nyeupe ya PW6 inaweza kuchukua wiki, kwa hiyo mng'ao uwe wa mwisho.

Anayetumia akriliki kwenye joto la pwani ana dakika chache tu kabla rangi haijaganda. Paleti iwe sahani yenye kitambaa kilicholowa chini na karatasi ya kuokea juu yake, na turubai inyunyiziwe maji nyuma. Kuburuta rangi ya anga ndani ya ngozi kufanyike sehemu moja kwa wakati: bega likiisha, ndipo mgongo.

Mwili ulio chini ya mti una kanuni yake. Vidoa vya jua vinavyopenya kati ya majani ni vya duara au yai, kwa sababu kila upenyo mdogo hutupa umbo la jua lenyewe. Usivichore kama majani. Juu ya mwili vifuate mviringo wake, vikinyooka kwenye ukingo wa paja. Ardhini viwe bapa zaidi. Vidoa ni vya joto, na kivuli katikati yake kina ubaridi wa kijani.

Mwili ulio majini: akisi huanzia pale maji yanapokata ngozi, si kwenye nyayo zilizozama. Kitu cheupe huakisiwa kikiwa cheusi kidogo, na cheusi kikiwa cheupe kidogo. Sehemu iliyozama huonekana imefupishwa, kwa kuwa ukitazama kutoka juu maji huonyesha kina kama robo tatu tu ya kilivyo. Paja lililonyooka hadi chini ya maji bila kuvunjika humfanya mtu aonekane amesimama nyuma ya kioo.

Kingo na mguso wa ardhi

Theluthi moja ya mzingo wa mwili iyeyuke. Upande wa kivuli, toni ya mwili ikikaribiana na ya nyuma yake, vuta brashi kavu kukatiza mpaka. Kingo kali zibaki mahali pawili au patatu, hasa pale ngozi yenye jua inapokutana na giza. Mstari wa rangi moja uliozunguka mwili wote ndio gundi ya kalenda.

Pale mwili unapoikandamiza ardhi, nyama hubapa. Paja la aliyeketi lina mstari ulionyooka chini, na chini yake pana ufa mwembamba wenye giza kuliko kivuli chochote kingine kwenye picha. Uchore kwa umba na PB29 bila nyeupe. Kisha majani machache, matano hadi kumi, yapite mbele ya kisigino au nyonga, mengine yakiwa na jua na mengine yakiwa kivulini. Ukiyapanga kama kingo za mkeka yataonekana ni pambo. Kwenye mchanga, weka tuta dogo pembeni mwa kiganja na kisigino. Kivuli kinachoanguka kifuate ardhi: kikatike kwenye jiwe, kikwee juu ya kichuguu.

Ukifika hapa ipige picha ya simu uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe, kisha itazame kwenye kioo cha ukutani. Ya kwanza inaonyesha kama ngozi imekaa kwenye toni yake, ya pili inaonyesha kama mwili unaegemea upande usiokusudiwa. Kama uso umechorwa kwa undani kuliko goti, upunguze. Nje, kwa umbali wa mita 6, kope hazihesabiki.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike pembeni mwa chumba, kwani hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto. Viloweshe maji na uvitie kwenye kopo la bati lenye mfuniko. Vanishi ya mwisho isubiri miezi 6 kwa rangi nyembamba na mwaka mzima palipo na rangi nene. Kama maonyesho yako karibu, tumia vanishi nyepesi ya muda, na kabla picha haijatoka nyumbani, mwonyeshe modeli uso uliouchora ukiwa na yale maandishi mliyokubaliana mkononi.